Sauti ya Marehemu Kwenye Boti ya Kampeni

Kaka yangu alianza kuimba tena baada ya sisi kumswalia.

Rudia kusoma hapo juu. Sijakosea kuandika.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshachangamka. Nilikuwa juu ya dungu, kibanda chetu cha miguu mirefu, nalinda mahindi ya mlau, yale tunayopanda mto ukirudi nyuma. Ngedere walikuwa wamenichosha. Mara nikasikia injini mtoni.

Boti ya kampeni. Bendera mbele, spika mbili juu ya paa.

Halafu ikaja sauti.

"Bwana Zaidi ni wetu, daraja atuletea..."

Kombeo likanidondoka.

Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Chini ina mkwaruzo kidogo, ikipanda inalainika kama mafuta ya nazi. Ni ya Bwanaheri. Kaka yangu, tumbo moja.

Utasema, "Si walimrekodi zamani?" Hata mimi nilitaka iwe hivyo. Shida ni jina. Bwanaheri alitutoka mwezi wa sita. Zaidi, huyo mgombea anayeimbwa, alipitishwa na chama chake mwezi wa nane, na kabla ya hapo alikuwa mtu wa Dar, huku hakuna aliyemjua hata kwa sura.

Sasa marehemu anamwimba vipi mtu ambaye hakuwahi kumsikia?

Boti ikakata kona, ikaingia kwenye mikoko. Sauti ikabaki juu ya maji muda mrefu kuliko boti.

Naitwa Mudathiri. Kijiji sikitaji. Ukishuka Kibiti unachukua bodaboda mpaka barabara inapoishia majini, kuanzia hapo ni mtumbwi. Vyama vikubwa kwetu ni viwili, na majina yao siandiki, sitaki maneno na mtu. Hapa kimoja kiite Mzinga, chenye ile boti na Zaidi wake, kingine kiite Kasia.

Bwanaheri aliwaimbia Mzinga tangu hajaota ndevu. Wakamwahidi daraja. Halikuja.

Akahamia Kasia. Aliimba mpaka akapoteza sauti wiki nzima. Kasia wakapata udiwani, tukacheza ngoma. Haukupita mwaka, diwani wetu akahamia Mzinga, kura zikarudiwa, akakalia kiti kile kile. Alisema "ameridhishwa na kasi ya maendeleo". Maendeleo gani, hakusema. Kasi ya nini, hakusema.

Basi siku moja Bwanaheri akaita watu dikoni, pale mitumbwi inapofunga. Akawasimamisha katibu wa Mzinga huku na katibu wa Kasia huku. Mkono wa kulia kadi, wa kushoto kadi.

Kadi yenu hii hapa, na yenu hii chukua,
Nilipoimba kwa pupa, sauti mlinunua,
Leo nimetoka kapa, mzigo wenu natua,
Mkavu mimi mtoni, si wa kwenu si wa kwao.

Watu walipiga kelele ndege wakahama miti. Tangu siku hiyo wote tusiotaka kadi tukaitwa wakavu. Wakavu tulikuwa wengi. Wakulima, wavuvi, akina mama wa dagaa. Bwanaheri akaapa sauti yake haitaimba chama tena mpaka afe.

Alitimiza. Mpaka alipokufa.

Mwezi wa sita mto ulikuwa bado una nguvu. Alikuwa anavuka na mwenzake Nasibu, mtumbwi ukapigwa kutoka chini. Nasibu alifika ukingoni. Kaka hakufika.

"Mwenye mto kamchukua," Nasibu alisema, meno yanagongana. "Nimeona. Wallahi nimeona."

Hatukumuuliza mwenye mto ni nani.

Tulitafuta. Tulipata kofia. Shehe akamsikiliza Nasibu, akaswalisha swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na Sihaba, mke wa kaka, akaingia eda. Kaburi hakuna. Ukitaka kumzuru Bwanaheri unatazama maji.

Sasa fikiria, watu wa namna hiyo, msiba wa namna hiyo, halafu sauti inatokea kwenye maji yale yale.

Kijiji kilichafuka. Watoto walikatazwa kuoga mtoni. Wengine wakasema Bwanaheri kafanywa msukule. Wengine wakamgeukia Nasibu.

"Kumbe ulitudanganya! Mwenzio yuko Dar anakula bata!"

"Mimi nimeona," Nasibu alikuwa anajibu. "Mimi nimeona." Mwisho akawa hajibu, anatikisa kichwa tu.

Mchana wa siku ile ya boti ya kwanza nikaitwa kwa Sihaba.

Mwenye eda haonani na shemeji. Nilikaa barazani, pazia katikati, ndani yuko yeye na shangazi yake, Bi Mwanamina. Bi Mwanamina ana mdomo kama pilipili, lakini siku hiyo alikuwa kimya.

"Shemeji," Sihaba akasema.

"Naam."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi nimekaa humu kwa sababu mume wangu amekufa. Sitoki, sijipambi, siendi arusi. Kama amekufa, hapa ndipo mahali pangu. Kama yu hai, nafanya nini humu ndani?"

Nilikuwa naangalia pazia, kanga kuukuu iliyofifia maandishi.

"Nenda Kibiti," akasema. "Waulize. Swali moja tu. Yu hai au amekufa? Usiniletee hotuba. Niletee neno walilosema, kama walivyosema."

"Na wakikataa kusema?"

Bi Mwanamina akashindwa kujizuia. "Wanasiasa wakatae kusema? Wewe mtoto, unaumwa?"

Kesho yake nikaenda.

Ofisi ya kampeni ya Mzinga ilikuwa imejaa fulana na chupa za maji. Nikapelekwa kwa mtu wa hamasa, anaitwa Iddy. Miwani kichwani, simu mbili, moja anaongea, nyingine anachezea.

"Karibu mwanangu! Wa delta? Delta ngome yetu!"

"Mimi sina chama, kaka. Mimi ni mdogo wake Bwanaheri."

Ile simu ya kuongea akaikata. Ile ya kuchezea akaifunika.

"Aaa, Bwanaheri! Kichwa! Kijana wetu yule!"

"Nauliza kitu kimoja. Yu hai au amekufa?"

Akacheka. Kicheko kilianza vizuri, katikati kikakosa pumzi.

"Si umemsikia anaimba?"

"Nimemsikia. Nauliza, yu hai?"

"Mtu anayeimba anakuwaje amekufa, mwanangu? Yupo. Yupo Dar, studio, ametulia, anakula kuku. Mambo ya usalama wake tu, ndiyo maana tumekausha. Si unajua wapinzani?"

Nakwambia kweli, niliamini. Kwa dakika hiyo nilikuwa na kaka.

"Tunaomba aje," nikasema. "Mkewe yuko eda."

"Siku ya kufunga kampeni. Tunamleta na boti, mwenyewe kwa miguu yake. Mwambie shemeji ajipambe."

Nikatoka pale natembea juu ya hewa. Nikafika sokoni, nikataka soda. Ndipo gari la Kasia likapita.

"Bwana Bashiru ni wetu, daraja atuletea..."

Mkwaruzo ule ule. Ulaini ule ule. Wimbo ule ule, jina limebadilishwa kama mtu anavyobadilisha shuka.

Bashiru ndiye mgombea wa Kasia. Naye alipitishwa mwezi wa nane.

Muuza soda akaniambia, "We kijana, mbona unatetemeka, una malaria?"

Nilikwenda ofisi ya Kasia mbio. Huko nikamkuta dada mmoja, Hafsa, ndiye anayeshika mitandao yao. Kijana wa rika langu, mtandio mzuri, kompyuta mapajani.

"Dada, mimi ni mdogo wake Bwanaheri. Yu hai au amekufa?"

Hakucheka. Aliangalia kompyuta, kisha mlango, kisha mimi.

"Yu hai, kaka yangu. Amerudi kwetu, nyumbani kwake. Amerekodi juzi."

"Mzinga nao wanaye. Nimetoka huko. Anaimba Zaidi."

Hapo ndipo akachangamka. "Hao waongo! Ile wameipika! Siku hizi sauti inapikwa, hujui? Wanachukua nyimbo za mtu za zamani, wanailisha kompyuta, wanaandika maneno wanayotaka, inaimba. Hata maiti anaimba. Ile ya Mzinga ni feki, nakuapia."

"Na yenu?"

"Yetu halisi."

"Mtamleta?"

"Siku ya kufunga kampeni."

Nikarudi Mzinga. Iddy alikuwa anapanda gari. Nikamshika mlango.

"Kaka, Kasia nao wana sauti yake."

"Feki ile!" Hakuvuta hata pumzi. "Wamepika na kompyuta. Watu gani wasiomwogopa Mungu, wanamchezea mtu sauti! Ya kwetu ndiyo halisi."

Gari likaondoka, vumbi likabaki na mimi.

Njia nzima nilikuwa napiga hesabu hiyo. Iddy alisema kweli kuhusu Hafsa. Hafsa alisema kweli kuhusu Iddy. Ukweli wote niliopata Kibiti nilipewa na adui wa aliyeuficha. Kila chama kina ukweli, tena mzuri kabisa, ila ni wa chama kingine.

Na bado, ndugu msomaji, kulikuwa na kona ndogo moyoni inasema, huenda mmoja kati yao kweli anaye.

Tumaini ni kitu kibaya. Linakaa na wewe mpaka kwenye mtumbwi.

Nikafika barazani kwa Sihaba. Nikasema kila neno kama lilivyosemwa, mpaka kile kicheko.

"Wamesema yu hai?" akauliza.

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Hakuna hata mmoja aliyesita?"

"Yule dada aliangalia mlango."

Nikasikia Bi Mwanamina anavuta pua.

"Basi tuwangoje," Sihaba akasema. "Siku ya kufunga si mbali."

Nilidhani naye ana ile kona yake moyoni. Nikaenda nyumbani nikiwa na uzito wa watu wawili.

Siku zile za kungoja sitaki kuzirefusha. Boti zilipita kila siku. Asubuhi kaka yangu anampenda Zaidi, jioni kaka yangu anampenda Bashiru. Mama yetu aliziba masikio kwa pamba. Nasibu aliacha kwenda mtoni kabisa, akawa anashinda uani anasuka mitego ambayo hana mpango wa kuitega. Na mimi kila sauti ikipanda, mkono wangu ulikuwa unainuka wenyewe kumpungia mtu.

Siku ya kufunga kampeni dikoni hapakuwa na pa kukanyaga. Tulikuja wenye kadi na wakavu, watoto na wagonjwa. Hatukuja kumsikiliza mgombea. Tulikuja kumwona Bwanaheri akishuka botini.

Boti ya Mzinga ikafika. Wakashuka vijana wa fulana, akashuka Iddy.

Boti ya Kasia ikafika upande wa pili. Wakashuka vijana wa bendera, akashuka Hafsa.

Halafu hakushuka mtu tena.

Watu walikuwa bado wanaangalia. Kuna bibi mmoja aliinama kuchungulia chini ya viti vya boti, kana kwamba mtu mzima kajificha pale.

Mimi sikusoma sana. Ushairi nimejifunza mwenyewe, kwa kuwasikiliza watu msibani na arusini na kwa kumwiga kaka. Lakini siku ile sikuhitaji shule. Nilipanda juu ya tenga la samaki.

Nauliza wa Mzinga, nauliza wa Kasia,
Maneno mnayojenga, mjane ayasikia,
Msijifanye wachanga, jibu mnalikimbia,
Kaka yangu yuko wapi, ni mzima au kafa?

Maji peke yake ndiyo yalikuwa yanaongea.

Iddy akachukua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mpendwa wetu amepata udhuru kidogo..."

"Udhuru wa kufa?" mtu akapiga kelele nyuma.

Hafsa naye akachukua cha kwake. "Mzinga wamemzuia njiani! Tuna taarifa!"

Hapo nikaona umati unapasuka njia. Bi Mwanamina alikuwa anakuja, taratibu, kanga kifuani. Akasimama katikati ya boti mbili.

"Mimi nimetumwa," akasema. "Sihaba yuko ndani, hawezi kuja. Anasalimia. Anauliza, yeye ni mjane au si mjane? Jibuni hilo, tumpelekee. Hataki daraja leo. Anataka neno moja."

Niliwatazama. Hafsa alifungua mdomo. Naapa alifungua mdomo, na macho yake yalikuwa na maji. Mzee mmoja wa chama chake akamgusa begani. Akaufunga.

Iddy aliangalia saa.

Halafu kijana wa mitambo kwenye boti ya Mzinga akafanya wanachofanya siku zote kimya kikizidi. Akawasha wimbo. Wa Kasia naye, asipitwe, akawasha wa kwake.

Bwana Zaidi ni wetu. Bwana Bashiru ni wetu.

Sauti moja, ndugu yangu, inapigana yenyewe kwa yenyewe. Ukiwa katikati, kaka yangu alikuwa kulia, kaka yangu alikuwa kushoto, mmoja anatangulia, mwingine anamfuata kama mwangwi. Mto ukazirudisha zote mbili. Watoto wakaanza kulia. Watu wazima wakaanza kuondoka, bila kelele, bila mawe, kama watu wanaotoka makaburini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sihaba. Nikaegemea nguzo ya baraza.

"Hawana mtu, shemeji. Wamekudanganya. Nisamehe."

"Mimi hawakunidanganya."

"Unasemaje?"

"Nilijua tangu boti ya kwanza."

Nikageukia pazia.

"Hukusikia mstari wa tatu?" akauliza. "Anasema hatumwogopi tena huyo mnyama, tutapita juu yake. Kamtaja. Kamtaja jina lake, wazi, juu ya maji."

Na mimi nilikuwa nimesikia. Siku ile juu ya dungu nilisikia vizuri, sikio likaruka, nikaliambia litulie.

Nyinyi wa mjini mtacheka. Sisi yule anayelala ukingoni kama gogo, mwenye meno na mkia, hatumtaji jina. Tunasema mwenye mto. Ukimtaja umemwita. Mtu aliyezaliwa huku hawezi kulitamka hata ndotoni, ndiyo maana na mimi hapa sijaliandika na sitaliandika. Bwanaheri alivuka maji yale maisha yake yote. Angeng'ata ulimi kuliko kuliimba neno lile.

Aliyeliandika, na bila shaka akawauzia wote wawili wimbo mmoja, yuko Dar, ana kompyuta, na hajawahi kukanyaga mtumbwi.

"Sasa kama ulijua," nikasema, sauti yangu nilikuwa siitambui, "kwa nini ulinituma? Kwa nini ulituacha tungoje?"

"Kura ziko keshokutwa," Sihaba akasema. "Mwenye eda hutoka kwa jambo la lazima. Nilimtuma shangazi kwa shehe, kura ni jambo la lazima? Shehe akajibu, ni lazima kama kuna wa kumpa. Basi nikawa namtafuta wa kumpa. Nikasema, katika hawa wawili, atakayeniambia 'Sihaba, mumeo amekufa, tumeichezea sauti yake, tuwie radhi,' huyo nitatoka nimpe kura yangu, awe wa Mzinga, awe wa Kasia, hata kama hana daraja."

Akalivuta pazia likakaa sawa.

"Sikuomba kitu kikubwa, shemeji. Waniambie lile ninalolijua."

Siku ya kura Sihaba hakutoka. Wakavu wengi hawakutoka. Mimi nilikwenda, kwa ubishi tu. Nikasimama kule ndani na karatasi. Zaidi ananichekea, Bashiru ananichekea. Nikatafuta pa kuweka tiki kwa ajili ya mtu anayeweza kusema "sijui" au "nimekosea". Hapakuwepo. Nikaitumbukiza nyeupe kama nilivyopewa.

Alishinda mmoja. Yupi, haijalishi.

Baada ya siku chache boti ilikuja kushukuru. Sihaba alikuwa amemaliza eda asubuhi ile ile. Ameoga, amevaa nguo safi, na mahali pa kwanza alipotaka kwenda ni dikoni.

Tulikuwa naye ukingoni boti ilipotokea.

"Ahsanteni kwa kura, ahsanteni wa delta..."

Bwanaheri. Anatushukuru kwa kura ambazo hatukupiga.

Boti ikafunga. Sihaba akaingia majini mpaka magotini, akashika ukingo wa boti, akamwangalia kijana wa mitambo usoni.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi ndiye mkewe. Mimi nimekaa eda yangu, nimeimaliza. Nyinyi bado mnaye wa nini?"

Kijana akazima.

Ilikuwa mara ya kwanza mto kunyamaza tangu kampeni ianze. Na kwenye kimya kile ndipo mama yangu, aliyekuwa hajalia tangu mwezi wa sita, akalia.

Wewe unayesoma hii, una kadi au huna, mimi sikupangii. Nakuachia nilichojifunza tu. Kabla hujampa mtu kura, muulize kitu kidogo ambacho jibu lake unalo tayari, tena jibu linalomuuma. Akikudanganya hapo, usingoje akwambie kweli kuhusu daraja.